Miaka Tisini ya Ghorofa ya Tatu

Marjorie Tunnicliffe na marehemu mumewe walinunua nyumba yao huko Sydenham, kusini mwa London, mwaka 1981. Kununua ni namna ya kusema tu. Jengo na ardhi yake vilibaki mali ya familia ya Wadhurst. Wao walinunua miaka iliyosalia kwenye mkataba wa ghorofa ya tatu; ikiisha, ghorofa ingerudi kwa Wadhurst. Ilikuwa themanini na minne, na kwa mwanamke wa miaka thelathini na miwili hiyo ilikuwa sawa na milele.

Sasa alikuwa na miaka sabini na minne, na mkataba umebakiza arobaini na miwili. Jirani wa chini alikuwa ametafuta mnunuzi mwaka mzima bila kumpata, maana benki hazikopeshi mtu anunue nyumba ambayo miaka yake inakwisha. Marjorie alitaka kumwachia binti yake kitu cha maana, akaenda kwa wakili.

"Sheria inakupa miaka tisini juu ya hiyo uliyo nayo," wakili Nasreen Qadri alimwambia. "Thamani yake unalipa mara moja. Kodi ya ardhi inafutwa, inaandikwa punje moja ya pilipili manga kwa mwaka, tena mwenye jengo akiidai."

"Pilipili manga?"

"Ni kodi ya jina tu. Ndivyo inavyoandikwa tangu zamani."

"Haya. Na mkataba utaisha lini?"

Nasreen aliandika 2155 kwenye karatasi, akamgeuzia. Marjorie alijaribu kumfikiria mtu mmoja tu anayemjua ambaye angeuona mwaka huo, asimpate. Hata mjukuu wake wa miaka minne asingekuwepo.

Barua zilipishana miezi kumi. Mwishowe mwenye jengo, Cyril Wadhurst, alikubali kila kitu, akaomba jambo moja: aione nyumba kabla ya kusaini.

"Hulazimiki kumruhusu," Nasreen alisema.

"Mwache aje. Ameniandikia barua za kunipangia mapazia na mazulia miaka arobaini. Nataka niione sura yake."

Alikuja Jumamosi asubuhi, mzee wa miaka themanini na saba, akipumzika kila alipomaliza ngazi kumi. Marjorie alikuwa amejiandaa kwa maneno makali. Mzee akampita sebuleni, akasimama kwenye mlango wa chumba cha kulala, akavua kofia.

"Nilizaliwa humu," alisema. "Nyumba nzima ilikuwa yetu. Mkunga alikuja kwa baiskeli kwenye mvua."

Maneno makali yakamtoka Marjorie kichwani. "Kaa basi, Mzee Wadhurst. Kaa hapo kitandani."

Akakaa. "Baba alipofariki niliigawa nyumba. Mikataba minne nilisaini siku moja, nina miaka thelathini. Tisini na tisa niliiandika kama mtu anayeandika namba ya simu."

"Na sasa?"

"Sasa natoa tisini, Bi Marjorie, na mimi mwenyewe sijaifikisha." Alitazama dari, akateremsha macho polepole mpaka sakafuni. "Maisha yangu yote yanaingia humo, na nafasi inabaki."

Marjorie alikaa kando yake. Ilikuwa kama ukuta umesogea, na chumba alichokipiga deki mara elfu kimekuwa kirefu kuliko macho yake yanavyoweza kufika. Baadaye alimpikia chai, wakainywa palepale.

Wiki mbili baadaye Marjorie alisaini ofisini kwa Nasreen, akabaki ameishika kalamu.

"Umechoka, mama?"

"Hapana. Nimeingiwa na hofu, lakini siyo ya kunitisha."

Alirudi nyumbani kwa basi, akapanda ngazi taratibu. Kwenye kona ya ghorofa ya pili alijibanza ukutani kidogo, kama anayempisha mtu anayeshuka ambaye hajazaliwa bado, akasubiri, kisha akaendelea.