Mzigo Uliokuwa Ukipakatwa

Mara mbili fundi saa alikuwa ameshindwa kufika kwa dada yake. Mara zote mbili aligeuza baiskeli pale njia panda, katikati ya safari, mgongo ukimwaka moto. Jumamosi hii ilikuwa ya mwisho. Jumatatu mtoto wa dada angekuja kumchukua mama yake akaishi naye ng'ambo ya mpaka, na ndugu hawa wote wawili walikuwa wamevuka miaka sabini. Kuagana kwa simu hakukumwingia akilini.

Alfajiri alipiga magoti kando ya kitanda, akamwomba Mungu mgongo tu, si kingine. Kisha akapanga begi: maji, koti la mvua, pampu, viraka, shati la kubadilisha, na saa ya ukutani ya dada iliyokwisha kutengenezwa, ameizungushia taulo. Akalivaa begi mgongoni. Kwenye keria kulikuwa na mto mdogo wa sponji alioushona mkewe, basi.

Alipofika njia panda, shati lilikuwa limemganda na mabega yamekufa ganzi. Akajibwaga kwenye benchi la fundi baiskeli.

"Shikamoo mzee. Leo tena unarudia hapa?"

"Marahaba. Mgongo, bwana."

"Utaachaje kuuma? Umebeba nyumba nzima, na keria inakula upepo. Au kuna abiria unamwekea?"

"Pale hukaa mke wangu."

"Basi tumngoje, wanawake na kujiandaa tunawajua."

"Alifariki. Miezi minane sasa."

Fundi baiskeli aliweka spana chini. "Nisamehe, mzee wangu. Mdomo huu hauna breki."

"Hukujua." Fundi saa alitazama mikono yake. "Mimi sijui hata kufunga mzigo pale. Miaka thelathini yeye ndiye aliyeupakata."

Yule bwana aliinuka. Alikata vipande viwili vya tyubu kuukuu, akachuchumaa, akaanza kumwonyesha. Kizito chini, karibu na tandiko. Koti juu, mvua ikija usifukue. Chupa mbele, mkono uifikie.

"Huu mto niutoe?" fundi baiskeli akauliza.

"Uache."

Begi likakaa juu yake, mto ukabonyea.

Mbele ya njia panda barabara ilikuwa ngeni kwake akiwa peke yake. Upepo ulimkausha mgongo, na maumivu yakapungua yakawa ya kuvumilika. Akaomba kwa sauti, kama walivyozoea njiani, akafika mwisho wa sala na kunyamaza, akiisubiri Amina kutoka nyuma. Gurudumu lilizunguka mara kadhaa kabla hajaisema mwenyewe.

Dada alikuwa ameketi mlangoni.

"Nilishakata tamaa nawe," alisema akijiinua. Akamshika mikono, na kwa mazoea macho yake yakapita begani kwake. "Na wifi..." Akajikatiza.

"Nimekuja peke yangu, dada."

"Naona. Ingia ndani."

Walikuwa na mchana mmoja tu. Wakaketi ana kwa ana kati ya maboksi yaliyofungwa, kila mmoja akimwachia mwenzake aanze, mpaka chai ikapoa.

"Haya," dada akasema, "niambie siku hizi unakula nini."