Alama Nne za Tairi

Boliti isiyo ya pikipiki husika naiona nikiwa hatua tano. Sijisifu, ndivyo nilivyo. Mke wangu aliondoka akisema afadhali kuishi na polisi. Kila Oktoba sisi wapenzi wa pikipiki za zamani tunakutana huku juu kwenye milima ya Shinshu, kwenye maegesho ya hoteli iliyofungwa, na mimi Kuzuhara ndiye mwamuzi. Mwaka wa kumi na tisa huu. Fomu ina alama mia, na chochote kisichotoka kiwandani pamoja na pikipiki nakikatia: skrubu, waya, hata kibandiko. Nikimaliza napiga mhuri wangu mwekundu, na hapo hakuna wa kunibembeleza.

Sheria nyingine niliikuta. Pikipiki lazima ije kwa magurudumu yake. Iliyobebwa kwenye gari tunaiita maiti, na maiti haiingii mashindanoni.

Mwaka juzi Nezu alikuja na pikipiki yake ya silinda nne, ya mwaka sabini na moja. Jamani, ilikuwa nzuri! Tangi la kijani, mabomba manne ya moshi yasiyo na hata chembe ya kutu. Lakini tairi zilikuwa mpya. Nikamkata alama nne, na kwa alama tatu akashindwa na Yahagi wa Niigata, ambaye mdomo wake mwaka mzima haukufungwa.

"Kuzuhara, we bwana," Nezu aliniambia, "zile za zamani zipo stoo, zina umri wa kuwa na wajukuu. Unataka nife?"

"Fomu haiulizi habari za kufa," nikamjibu, kwa sauti, makusudi, watu wasikie.

Wakacheka. Orikasa, rafiki yetu sote wawili, alicheka mpaka kahawa ya kopo ikamtokea puani. Nezu naye alicheka, lakini masikio yalimwiva.

Mwaka jana akaja na zile za stoo. Kashata za mpira wa tairi zote zimesimama, jina la kiwanda linasomeka. Nikampa mia, ya kwanza katika maisha yangu, nikapiga mhuri, tukakumbatiana kama watoto. Saa nane mchana mvua ikanyesha. Kwenye kona ya tatu kuteremka, Nezu aliteleza akaingia chini ya lori la mbao.

Polisi waliandika utelezi wa barabara. Msibani watu wakasema utelezi. Nami nilisema utelezi, tena mara nyingi kuliko wote.

Mwaka huu mambo yalikuwa yanaanza vizuri. Pikipiki kumi na moja zimepangwa, watu wanakula vitonge vyao vya wali na kutaniana, Yahagi anamwambia Orikasa ekzosi yake inakohoa kama mwenyewe. Ndipo kigari kidogo cha mizigo kikasimama langoni, akashuka Fumie, mke wa Nezu. Nyuma kulikuwa na kitu kimefunikwa turubai.

"Karibu, shemeji," Orikasa alimkimbilia. "Umekuja kututazama?"

"Nimeileta ya Nezu. Nataka iamuliwe."

Akavuta turubai. Tangi limebonyea, usukani umepinda, taa haina kioo. Damu ilikuwa imeoshwa, nadhani na mvua. Watu walisimama na chakula mikononi.

Yahagi akakohoa. "Pole sana, mama. Lakini sheria yetu... iliyobebwa haiingii."

"Naijua sheria yenu. Nimeisikia mezani kwangu miaka thelathini. Nishushieni, nitaisukuma."

Tukaishusha nje ya lango. Alikataa kusaidiwa. Mwanamke wa kilo arobaini na tano, anasukuma chuma cha kilo mia mbili na zaidi, gurudumu la mbele linasugua bomba na kulia kila mzunguko. Alisimama mara mbili kupumua. Orikasa alikuwa analia waziwazi. Mimi nilikuwa natafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwangu.

Akaiegemeza ukutani. "Haya, mwamuzi. Imekuja kwa magurudumu yake."

Nikaanza juu, kama kawaida yangu. Tangi, halisi. Kiti, halisi. Breki, halisi. Nilipofika chini nikapiga magoti, nikabonyeza kucha kwenye tairi ya mbele. Kucha ikateleza. Mpira ulikuwa mgumu kama kwato, na pembeni umepasukapasuka kama kisigino cha mkulima. Mwaka jana niliziona nyufa hizo. Niliziona kwa tochi, nikafurahi, kwa sababu tairi bandia hazina nyufa.

"Tairi?" Fumie aliuliza.

"Halisi."

"Kwa hiyo ngapi?"

"Mia, shemeji."

Akatoa karatasi mfukoni mwa koti. Fomu ya mwaka juzi, imekunjwa mpaka imechakaa, na mwandiko wangu: Tairi si za kiwandani, kata nne. "Alikuwa ameibandika ukutani stoo," alisema. "Kila asubuhi anaitazama. Nilimwambia azifunge zile mpya kwa safari, huku juu azibadilishe. Akasema Kuzuhara atajua, ataniaibisha tena." Akanitazama machoni. "Zile mpya zingemwangusha?"

Ningeweza kusema sijui. Mungu ananiona, neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Hapana," nikasema. "Zingeshika barabara."

"Liandike."

"Fomu haina nafasi ya..." Nikajisikia mwenyewe.

Fumie akaigeuza ile karatasi. "Nyuma ni peupe."

Nikaandika juu ya paja, nimepiga magoti, mbele ya wote. Kwamba Nezu aliniuliza kama nataka afe, nikamfanyia mzaha. Kwamba niliziona nyufa nikazipa alama. Kwamba tairi hizi alizifunga kwa ajili yangu. Nikapiga mhuri. Fumie akasoma taratibu, mara mbili, akaikunja akaiweka kifuani. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Akamwambia Orikasa, "Nipakilie, shemeji, nirudi," wakaondoka pamoja kwa kigari, pikipiki ya Orikasa ikabaki palepale.

Nilipoinuka, tone la kwanza likanipiga shingoni. Nikageuka nikazitazama zile pikipiki kumi na moja, safari hii sikutazama boliti. Nilitazama chini. Za zamani, za zamani, za zamani. Zote. Baada ya kunisikia mwaka juzi kila mtu alikwenda kufukua stoo yake.

"Hakuna anayeondoka!" nikapiga kelele. "Tutaita lori. Zote zibebwe!"

Wakatazamana. Yahagi alikuwa ameshavaa kofia ngumu. "Zibebwe kama maiti? Mzee, umechoka. Nenda ukapumzike."

Nikakimbia langoni, nikasimama katikati nimetanua mikono, mvua inanipiga usoni. "Yahagi, nakuomba. Nakupa mia, nawapa wote mia, shukeni!"

Akapiga kiki mara moja tu. Injini ikaitika, safi, kama ilivyotoka kiwandani. Akanizunguka polepole, kwa heshima, akanipungia mkono, akaanza kuteremka. Wengine wakamfuata.

Nilibaki langoni nikihesabu milio yao. Kona ya kwanza, kumi. Kona ya pili, kumi. Kabla ya kona ya tatu nikaziba masikio.