Bata Mzinga na Moshi wa Mkaratusi

Mama mwenye binti wa kuolewa, soma haya kabla hujanunua bata mzinga.

Nyaruai, mamake Ciru, alikuwa mtu wa kuogopa mambo kabla hayajafika. Wingu dogo likitokea upande wa Mlima Elgon, yeye alikuwa ameshaanua nguo zake na za jirani. Kwa hiyo siku Ciru aliposema wazazi wa Derrick, mchumba wake, watatoka Myanga kule Bungoma waje Kitale kuwaona, usingizi ukamruka. Ciru alikuwa mtoto wake wa pekee, na sasa anakwenda kuishi kwa watu. Watu hao wakiondoka mezani wamenuna, nani atamtazama vizuri huko?

"Si uwachinjie kuku," akasema mumewe, Muigai.

"Kuku! Watu wa Bungoma uwape kuku? Hiyo si ni kama kumpelekea mtu wa Kitale mahindi?"

"Basi mbuzi."

"Mbuzi kila mtu anachinja. Nataka wafike Myanga bado wanasimulia."

Hilo la kusimulia alilipata.

Alikwenda soko la Kimilili akarudi na bata mzinga dume, shingo nyekundu, mwenye kumfokea kila aingiaye langoni kama askari wa kanjo anayefukuza wachuuzi. Katika boma lile hakuna aliyewahi kupika ndege wa namna hiyo. Lakini Nyaruai alikuwa ameona kwenye simu ya Ciru mzungu mmoja akimbanika mzima mzima kwa moshi, ndani ya pipa, mpaka ndege akawa rangi ya asali, na aproni ya mzungu haikuchafuka. Yeye aliyelisha vibarua wa kuvuna mahindi miaka yote hiyo, angeshindwa na nini?

"Mum, tujaribu kwanza na kuku," Ciru akamsihi.

"Mimi nimeanza kupika kabla babako hajajua kufunga kamba za viatu."

"Na bado zinanisumbua," Muigai akasema, akiangalia miguu yake.

Siku yenyewe ikafika. Bata mzinga akachinjwa, akanyonyolewa, akasafishwa. Firigisi Nyaruai aliitoa, akaikaanga peke yake kwa kitunguu, akaifunika vizuri. Alikuwa amesikia sokoni kwamba kwa Wabukusu, watu wa kina Derrick, firigisi ni ya mtu wa heshima. Alisikia hapo tu, kisha mwenye kusimulia akapata mteja wa nyanya.

Ndege mwenyewe akawekwa juu ya wavu, ndani ya nusu pipa, chini magunzi ya mahindi. Gunzi huwaka upesi kama umbea. Kabla Nyaruai hajamaliza kufunga kilemba, mgongo wa bata ulikuwa mweusi ti! Akapiga yowe, akamwaga maji. Moto ukanywea, na sasa moshi haukuwapo.

"Yule mzungu alisema kuni za mti wa matunda," Ciru akamkumbusha.

"Nikate parachichi langu? Moshi ni moshi."

Akakimbia kwenye ua wa mikaratusi, akakata matawi mabichi ya mkaratusi, majani na yote, akayatia pipani, akafunika na bati. Ukatoka moshi mzito wa kukata macho. Kuku wakahama kiwanja.

Muigai akapita akinusa. "Mama Ciru, hapa tunapika ama tunajifukiza?"

"Nenda uvae koti!"

Wageni wakaingia. Mzee Wepukhulu, babake Derrick, mrefu, fimbo mkononi, pua imezibwa na mafua hata salamu zake zilitoka kama mtu aliye ndani ya mtungi. Mkewe Sellah, mtaratibu, hana maneno mengi. Derrick nyuma, na mikate na sukari.

Wakakaa, wakaomba, wakanawa mikono. Nyaruai akaleta ile firigisi kwenye sahani yake nzuri. Alikuwa ameshapiga hesabu zake. Baba mkwe wa Ciru atakuwa akimwona wakati wa salamu tu. Atakayefunua sufuria za Ciru ni mama mkwe. Sasa hapo wa heshima ni nani? Akapita mbele ya mzee, akainama, akaweka sahani mbele ya Sellah.

Derrick akatazama dari. Ciru, aliyekuwa akiingia na soda, akasimama mlangoni. "Mum..."

Nusu ya mila ambayo Nyaruai hakuisikia ni hii: firigisi ni ya mwanamume mkubwa aliyepo. Mwanamke ataisafisha, ataikaanga, ataibeba, lakini kuila, hapana.

Mzee akakohoa. "Mama Ciru, hiyo sahani imepotea njia?"

"Niliambiwa ni ya mtu wa heshima," Nyaruai akasema. "Na mtoto wangu nakuja kumwachia huyu mama. Nikaona... si ni yeye?"

Sellah akaitazama ile sahani. Tangu aolewe alikuwa amekaanga firigisi zisizohesabika, na hata moja haikuwahi kupita kooni mwake. Akaichukua, akauma. Akatafuna polepole, macho amefumba.

"Kumbe," akasema. "Kumbe ndiyo maana mnatunyima."

"Sellah!"

"Nimepewa na mwenye nyumba, Baba Derrick. Nikatae nimwaibishe?"

Mzee akakaza uso. "Haya. Mlete huyo ndege mwenyewe."

Muigai na Derrick wakamleta kwenye sinia, mweusi kama tairi kuukuu. Muigai alipopitisha kisu, harufu ya mkaratusi ikajaa sebuleni, na chini ya ule weusi nyama ilikuwa bado nyekundu, inachuruzika. Nyaruai akatamani sakafu ifunguke. Mzee akajikatia kipande cha pembeni kilichoiva, akatia mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Machozi yakamlenga.

Nyaruai akaiona ndoa ya mtoto wake ikivaa kofia na kutoka nje.

Mzee akapiga chafya. Akapiga nyingine, vikombe vikatetemeka. Kisha akatulia, akavuta pumzi kwa pua. Akavuta tena.

"Bana," akasema. "Pua imefunguka."

"Ati?" Nyaruai akauliza.

"Wiki nzima nameza vidonge bure! Mama Ciru, hii ni nyama ama ni dawa?"

Sellah akaangua kicheko, firigisi bado shavuni. Muigai akamfuata, Derrick naye, mwishowe mzee mwenyewe, akijipangusa macho. Nyaruai alicheka huku analia.

Bata akakatwa vipande, akatiwa sufuriani na nyanya. Sellah akavua viatu, akamfuata Nyaruai jikoni.

"Mama Derrick," Nyaruai akanong'ona, "nikwambie ukweli. Huyu mtoto wangu kupika hajui sana."

"Nimeona alikotoa," Sellah akajibu, akikoroga. Kisha akamshika bega. "Usiogope. Kwangu hatalala njaa wala hatalala analia."

Nyaruai akalala vizuri usiku huo, mara ya kwanza tangu habari ya wageni ifike. Yeye na Muigai walipokwenda Myanga kurudisha salamu, wakachinjiwa kuku. Firigisi ikaja mbele ya mzee. Sellah akakohoa kidogo tu. Mzee akaangalia firigisi, akamwangalia mkewe, akachukua kisu, akaikata katikati.

"Mama Ciru, umeniharibia boma," akasema, akisukuma sahani kwa mkewe.

Basi mama mwenzangu, ndege usiyemjua mjaribu siku isiyo na wageni. Mkaratusi uache uwe ua wa boma. Na ukisikia nusu ya mila sokoni, ngoja mteja wa nyanya aende, uulize nusu ile nyingine. Nyaruai aliponea, lakini si kila baba mkwe huja na mafua.