Folda ya Dharura

Katika jengo lile la ghorofa sita wote walimwita Mama Spana, naye hakuchukia. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa ufundi: taa, mabomba, vitasa, jenereta, na lifti moja kongwe iliyokuwa ikinuna bila sababu kama mtoto aliyeamshwa usingizini. Kazi hiyo aliipenda. Kilichomkondesha ni barua pepe.

Mambo yaliharibika siku Meneja Utawala alipotoa waraka. Mtu asimpigie fundi simu wala kumkamata koridoni. Kila ombi liandikwe kwa barua pepe, na fundi asiguse kitu kabla ombi halijafika. Meneja alikuwa mtu nadhifu, shati limenyooka mchana kutwa, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba jambo lisiloandikwa halijatokea. Nia yake ilikuwa njema. Lakini nia njema nayo humvunja mtu mgongo.

Basi watu wakaandika. Haikuchukua muda wakagundua kwamba anayeweka neno "dharura" kwenye kichwa cha barua hujibiwa kwanza, na kuanzia hapo kila mtu akawa na dharura. Birika la ghorofa ya pili linachelewa kuchemka: dharura. Kiti kinalia mtu akikaa: dharura. Pazia la idara ya Masoko limepauka: dharura kubwa, yenye alama nyekundu pembeni. Mama Spana akimjibu mmoja, wengine wanabonyeza "jibu wote" kushukuru, kisha wanatokea wengine wanaobonyeza "jibu wote" kuwaomba wenzao waache kubonyeza "jibu wote".

Nyumbani alikuwa anafika na macho mekundu. Mama mkwe wake akamuuliza siku hizi anachomelea vyuma au vipi.

"Nasoma, mama," alisema. "Nasoma tu."

Mwisho akamwendea shemeji yake. Huyu alikuwa mdogo wa mumewe, na alifanya kazi jengo hilohilo, idara ya kompyuta, chumba chenye baridi na nyaya kila mahali.

"Shemeji, nitoe humu," alimwambia, akimwonyesha skrini. "Mimi ni fundi. Bomba linavuja ghorofa ya nne, mimi nimekaa nasoma habari za pazia."

Shemeji akavuta kiti, akapitisha macho, akaguna. "Wewe unaitumia hii programu kama ndoo. Unakinga, inajaa, unakinga tena. Kumbe ni mtumishi. Ukimtuma anakwenda."

"Mtume basi."

Akamwonyesha. Kulikuwa na kitu kinaitwa kanuni: barua ikiingia na neno fulani, au ikitoka kwa mtu fulani, inakwenda yenyewe kwenye folda yake, bila wewe kunyanyua kidole. Za jenereta zikatengewa mahali pake, za mabomba pake, za shukrani zikaenda moja kwa moja kwenye takataka. Mama Spana akaanza kusogea karibu, kama mtu anayesikia harufu ya chakula.

"Na hizi za dharura?" Shemeji akauliza. "Ndizo nyingi kuliko zote."

Mama Spana akafikiri. "Shemeji, nyumba yako ikishika moto, utakaa chini uandike barua pepe?"

"Nitapiga kelele."

"Sasa hao wanaoandika wana dharura gani? Zifungie mbali huko. Nitazisoma nikipata nafasi."

Shemeji akacheka, akabonyeza mara mbili tatu, na kikasha chote cha barua kikabaki kitupu. Mama Spana alikitazama kama mtu anayeiona sakafu yake baada ya wageni kuondoka. Siku zilizofuata alirekebisha vitu vingi kuliko alivyowahi, na nafasi ya kuifungua ile folda hakuipata, wala hakuitafuta.

Jambo moja tu lilimkera. Kengele ya lifti ilikuwa imekufa. Kununua nyingine kulihitaji kibali cha Meneja, na Mama Spana alikuwa amemwandikia, akamwandikia tena, akamkumbusha, kimya. Siku moja akamkuta mlangoni.

"Meneja, ile kengele ya lifti."

"Umeandika?"

"Nimeandika, zaidi ya mara moja."

"Basi nitaiona," Meneja akasema, akapita.

Alhamisi moja, baada ya chai, Mama Spana alikuwa anapanda ngazi na taa mpya mkononi aliposikia kitu kinagongwa. Kilikuwa chuma, na kilitoka ukutani, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Akaweka taa chini, akatega sikio kwenye mlango wa lifti.

"Kuna mtu?"

"Tupo," ikajibu sauti ya Mhasibu, dada mmoja aliyekuwa na mimba ya miezi saba. "Mimi na Meneja. Nimegonga kwa kiatu mpaka kisigino kimeng'oka. Nakuomba unitoe, nahitaji choo."

"Mmekwama tangu lini?"

"Tangu kabla ya chai."

Mama Spana akahisi damu inampanda. "Na hamkumwambia mtu?"

Ikasikika sauti ya Meneja, ya chini na ya kuchoka. "Nilikuandikia. Simu haikushika humu ndani, lakini barua pepe zilikuwa zinapenya kwa intaneti ya jengo. Nimekuandikia mara nne, na nakala kwa idara zote."

Mama Spana akapiga yowe kumwita shemeji yake aje asimame mlangoni kumtuliza Mhasibu, yeye mwenyewe akakimbilia juu ya paa, kwenye chumba cha mashine. Akakata umeme, akalegeza breki, akaanza kulizungusha gurudumu kwa mikono, polepole, maana ukiwa na pupa na lifti utajuta. Kule chini shemeji alikuwa anapaza sauti kwenye ngazi: bado, bado kidogo, bado, hapo. Akashuka, akafungua milango kwa ufunguo wake. Mhasibu alitoka na kiatu kimoja mkononi, akampita kila mtu bila salamu, akaelekea alikotaka kwenda. Meneja akatoka nyuma yake, lile shati limemganda mgongoni, simu bado ameikamata.

"Twende ofisini kwako," akamwambia Mama Spana. "Ufungue kompyuta."

Akaifungua. Ndani ya folda ya dharura, katikati ya mabirika na mapazia, barua zake zilikuwa zimepangwa vizuri. "Dharura." "Dharura: lifti." "Kumbusho kuhusu dharura." Ya nne ilikuwa na kichwa kilekile cha dharura, na ndani maneno mawili tu: "Tafadhali, mama." Mtu wa Masoko alikuwa amejibu kwamba imepokelewa kwa shukrani. Mwingine alikuwa amewajibu wote akiomba habari za lifti zisitumwe kwa wasiohusika.

"Uliziweka huku kwa makusudi?" Meneja akauliza.

"Kwa makusudi." Ile barua ya nne ilikuwa imemchoma, na uchungu ukamtokea kwa hasira. "Jengo zima lina dharura, Meneja, ningejuaje ya kweli ni ipi? Kwanza ungekuwa na kengele ungebonyeza, ningesikia hata nikiwa juu ya paa. Nimekuandikia habari za kengele hata nimechoka."

"Mimi sijaona barua ya kengele. Hata moja."

Wakatazamana. Mlangoni, shemeji alianza kuikagua dari kana kwamba inavuja.

"Shemeji," Mama Spana akamwita.

"Naam."

"Meneja naye umemtengenezea kanuni?"

Shemeji akaiacha dari. "Aliniomba. Alisema barua za Ufundi zinamjazia kikasha, atazisoma mwisho wa mwezi."

Meneja akawa anafuta miwani ambayo haikuwa na doa.

"Kwa hiyo ulijua mimi simsomi yeye, na yeye hanisomi mimi?" Mama Spana akauliza.

"Nilijua. Lakini shemeji, hayo mliniambia kila mmoja kwa wakati wake. Ningeanzaje kutoa siri za watu?"

Kila neno lililomjia Mama Spana lisingefaa kutamkwa kwa mdogo wa mumewe. Mhasibu ndiye aliyeingilia kati. Alikuwa amerudi, amesimama peku kwenye sakafu ya saruji, mkono kiunoni.

"Nimekaa mle ndani nikimtazama mtu mzima anamwandikia mtu asiyesoma," alisema taratibu. "Sitaki kujua kosa la nani. Nataka kengele, na nataka iwe leo."

Kibali kikatoka saa ileile. Kabla ya watu kwenda nyumbani Mama Spana alikuwa ameshaifunga kengele, na Mhasibu mwenyewe akaibonyeza mara tatu kuhakikisha.

Siku ya pili wakakaa na shemeji, ambaye safari hii hakucheka. Maombi yote ya ufundi yakapewa anwani moja. Kila anayeandika akawa anapata jibu la papo hapo: kama mtu amekwama, kama kuna moto au maji yanamwagika, usiandike, piga namba hii; mengine yatasomwa asubuhi na baada ya chakula cha mchana. Kitufe cha "jibu wote" kikaondolewa kwenye matangazo ya jengo zima. Mama Spana alikubali, kwa shingo upande, kwamba ile programu ina faida mtu akiituma kwa akili. Meneja naye akaandika waraka wa kueleza utaratibu mpya. Ulikuwa na kurasa nne.

Wiki iliyofuata Mama Spana alikuwa amelala chali chini ya sinki la ghorofa ya pili, maji yanamtiririkia kwenye kiwiko, simu ya dharura ikaita. Akajivuta nje haraka, akajigonga paji la uso, akapokea kwa mkono wenye matope.

"Mama, nimekutumia barua pepe sasa hivi," akasema Meneja. "Umeipata?"

"Kuna mtu amekwama?"

"Hapana, hapana. Nilitaka kujua tu kama imefika."

Mama Spana akafumba macho kidogo.

"Imefika," akasema, ingawa hakuwa ameiona, akaiweka simu mahali pakavu, akarudi chini ya sinki kukaza nati.