Kila Idara Ukurasa wa Kwanza

Mkataba wa Mama Pacha, mwandaaji wa vitabu vya mafunzo, ulikuwa unaisha mwezi ule, na mkurugenzi wa hospitali hakumung'unya maneno: mwongozo mpya ukipitishwa na wakuu wa idara wote, anaongezewa mwaka, usipopitishwa, kazi inakwenda kwa kampuni ya nje.

Mwongozo wenyewe ulikuwa mnene kama tofali. Wauguzi, wapishi, walinzi na watu wa usafi, wote ndani ya jalada moja. Kupanga kurasa hakukumsumbua. Picha, vichwa vya sura na vipimo vya dawa ya sakafu vilikaa mahali pake. Waliomtoa jasho ni wakuu wa idara.

"Mgonjwa anaanza kuonana na mlinzi," alisema mkuu wa walinzi. "Sisi tuwe mbele."

"Mkishamwona mnamtibu?" akauliza matroni, mkuu wa wauguzi.

"Na akitibiwa na njaa yake, atapona?" akadakia mpishi mkuu.

Mkuu wa usafi alisusa. Aligeuza kiti, akatazama ukuta. Kikao cha pili kikaenda vilevile, ila kiti kilikuwa kimegeuzwa tangu mwanzo.

Nyumbani, pacha wakigombania nani aoge kwanza, Mama Pacha hutoa mabeseni mawili, ugomvi huisha. Basi akachapa matoleo manne, kila moja likianza na idara tofauti. Kila mkuu alifungua lake, akajiona mbele, akatabasamu, akatia saini. Hakuna aliyechungulia la jirani.

"Umeona? Tukizungumza kama watu wazima tunaelewana," alisema matroni.

"Nimeona," alisema Mama Pacha, akiyakusanya haraka.

Siku ya mafunzo ukumbi ulifurika. Mkufunzi, mgeni aliyekodiwa, akashika kipaza sauti.

"Fungueni ukurasa wa kumi. Tusome hatua ya kwanza, wote kwa pamoja."

"Nawa mikono!" walisema wauguzi.

"Funga geti!" walisema walinzi.

"Osha mboga!" "Vaa buti!"

Mkufunzi aliomba warudie. Wakarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

Mkurugenzi aligeuka polepole. "Mama Pacha. Hiki ni nini?"

Mama Pacha aliuona mwaka wake ukitoka mlangoni. Akasimama.

"Mafunzo ya makundi, bosi. Kila idara pembe yake, na mkuu wake ndiye anayefundisha."

Hilo hakuwa amelifikiria kabla mdomo haujafunguka. Wakuu wa idara walitazamana. Kumbe hakuna aliyesoma zaidi ya ukurasa wenye jina la idara yake. Matroni alitafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Mkuu wa walinzi alianza kwa kusoma jalada, neno kwa neno, kisha akalisoma tena.

Lakini walifundisha. Mbele ya watu wako huwezi kusema hujui. Kufikia mchana mpishi mkuu alikuwa anafoka kuhusu visu, na wapishi wanaandika. Mkufunzi alikaa kando, akalala.

Mkurugenzi alizunguka pembe zote, akarudi.

"Ulipanga hivi tangu mwanzo?"

"Mimi nilipanga kurasa."

Mkurugenzi akamtazama kidogo. "Haya. Mwaka mmoja. Ila walinzi wamekasirika, wanasema wamewekwa pembe ya nyuma."

"Nipe mkataba kwanza, bosi," alisema Mama Pacha. "Halafu nitawahamisha."