Mshono wa Kupindua Mara Mbili

Wifi yangu hana haya wala hajui vibaya. Nalisema hili mapema ili mtu asije akamwonea huruma huko mbele.

Tunafanya kazi pamoja kwenye karakana ya makoti ya mvua. Mimi nashona kofia za makoti, kwenye cherehani iliyo karibu na dirisha. Yeye, dada wa mume wangu, anagonga vifungo nyuma kabisa, kwenye joto, na cherehani yangu ameitolea macho tangu nilipokwenda kujifungua. Aliikalia nikiwa likizo. Niliporudi akaondoka amenuna, na mto wake wa kiti kwapani.

Mtoto wangu alizaliwa mkubwa, na tangu siku ile mkojo haunisikilizi. Nikipiga chafya, umetoka. Nikicheka, umetoka. Nikiinua jora la kitambaa ndiyo usiseme. Nyumbani wifi alipogundua hakuniuliza naumwa nini; alinibatiza Kikojozi, na mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu. Akanitengea kigoda cha plastiki, eti makochi yake si nepi. Mume wangu? Alikuwa anatafuta rimoti.

Kazini hakuna aliyejua, na niliapa asijue mtu. Lakini pale choo kina ufunguo mmoja tu, na unaning'inia shingoni kwa msimamizi, mama mmoja mkavu tunayemwita Mkasi. Ukiutaka unasimama, unanyoosha mkono, na mstari mzima unaacha kushona unakuangalia. Nikaona nijitafutie njia yangu. Nikaokota vipande vya kitambaa cha koti kwenye pipa la mabaki, nikajishonea kinga ya kuvaa ndani: pamba juu, kitambaa cha mvua chini. Fundi ni fundi. Ila pembeni ilikuwa inanilowesha kidogo, sikujua kwa nini, na nikitembea ilikuwa inalia chwa, chwa, chwa.

Wifi akasikia. Alijua fika ni nini, maana nguo zetu zinaanikwa kamba moja. Akaenda kwa Mkasi akamwambia natorosha kitambaa mwilini.

Jioni tukiwa tunatoka, Mkasi akasimama mlangoni akaniambia nitembee. Nikatembea. Chwa, chwa. Mafundi wote wakageuka. Pale mwizi hapewi onyo, anafukuzwa siku hiyohiyo. Wifi alikuwa ameegemea meza ya kukatia anatabasamu, na nikaiona hesabu yake yote: alijua nitakubali kutoka pale kama mwizi kuliko kusema mbele za watu kwamba najikojolea. Na kweli mdomo ulikuwa mzito. Nilitaka kunyamaza. Kisha nikatupa jicho dirishani, nikaona mto wake uko juu ya kiti changu. Ameshauweka, jamani, hata sijafukuzwa.

Hasira ikanipanda mpaka utosini. Nikageukia ukuta, nikapandisha gauni, nikaivua ile kinga, nikaja kuibwaga mezani mbele yake, imelowa vilevile.

"Huu ndio wizi wangu," nikasema. "Nimezaa, na mkojo unanitoka. Wifi anajua, anaiona kambani kila siku. Haya, shika, umkabidhi msimamizi."

Hakushika. Alirudi nyuma ameziba pua. Mmoja akaguna, mwingine akaanza kucheka, jicho la Mkasi likamkatisha.

Mkasi aliichukua kwa mikono mitupu. Akaipindua, akaipeleka kwenye taa, akapitisha ukucha kwenye mshono wangu taratibu, kama anavyokagua koti kabla ya kulipitisha. Nikajua nimekwisha.

"Umeshona mara moja," akasema. "Sindano imetoboa, maji yanapita kwenye matundu. Unashona kofia kila siku na hujui? Mshono unapinduliwa mara mbili." Halafu akaendelea kwa ukali uleule, wote wakisikia: "Na kliniki uende. Kuna mazoezi, kuna matibabu. Mimi nilijikausha nikidhani ndiyo uzazi wenyewe, na mpaka leo navaa."

Akavua ufunguo shingoni, akautundika kwenye msumari kando ya mlango wa choo, akamwambia wifi akautoe mto wake kwenye kiti cha mwenyewe.

Nyumbani mimi na wifi hatusemeshani. Mama mkwe anasema nimemwaibisha binti yake mbele za watu, nimemwambia bado. Kliniki nimeanza. Nesi kanifundisha kubana misuli ya huko chini na kuachia, nami nabana hapohapo kwenye cherehani, hakuna anayejua. Mkojo haujaacha kutoka, nisidanganye. Lakini kinga nimeshona mpya, mshono nimeupindua mara mbili, haivuji hata tone. Jana nilipita nayo mbele ya wifi kwenda kuchukua ufunguo, polepole, chwa, chwa, chwa, nikaurudisha kwa njia ileile. Wala sikuwa nimebanwa.