Meneja Aliyewahi Kuwa Fundi

Kwa miaka tisa alikuwa mwandishi wa programu, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa wenzake wote. Ndipo wakampandisha cheo, wakamfanya meneja wa bidhaa: asiandike tena, aamue tu kitengenezwe nini na kwa ajili ya nani. Cheo kikapanda, vidole vikabaki vinamwasha.

Bidhaa yenyewe ilikuwa programu ya kuwapangia wagonjwa miadi hospitalini. Siku moja dada aliyeongoza mafundi akasema sehemu ya usajili itachukua wiki mbili.

"Wiki mbili? Mimi ningeimaliza kwa siku mbili."

Na kweli. Jumamosi na Jumapili akajifungia nyumbani, Jumatatu akawaonyesha. Hakuna aliyeona kosa.

"Hongera, bosi," dada yule akasema, akageukia kompyuta yake.

Tangu hapo wakawa wanamjibu alichouliza, basi. Akiingia, vicheko vinakatika. Akajiambia ni kijicho tu.

Mwezi uliofuata alikwenda hospitalini kuona kazi yake. Mama wa mapokezi alikuwa anaandika kwenye daftari, kompyuta ameizima.

"Mbona hutumii programu, mama?"

"Inadai tarehe ya kuzaliwa, bila hiyo haisogei. Wazee wangu hawa, nusu yao hawaijui. Niwafukuze?" Akamtazama vizuri. "Lakini yule dada wa kwenu alikuja zamani, nikamweleza yote. Hakuwaambia?"

Alirudi ofisini moja kwa moja. Akasimama kwenye meza ya yule dada.

"Zile wiki mbili zilikuwa za wazee wasiojua tarehe."

"Ndiyo."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, bosi. Ulijibu."

Aliomba radhi mbele ya wote, wakampokea kwa adabu, adabu ile ya kumkaribisha mgeni. Kazi ya usajili akawaachia waifanye upya. Ikawachukua wiki mbili kamili, na mama wa mapokezi akalifunga daftari lake. Vicheko viliendelea kukatika.

Jioni moja mama yake mzazi akampigia simu.

"Siku hizi unatengeneza nini, mwanangu?"

"Sitengenezi kitu, mama. Nauliza watu wana shida gani."

"Haya, niulize na mimi."

Akamuuliza. Mama akaanza na goti, akaingia kwenye paa linalovuja, akafika kwa jirani asiyesalimia. Mwanawe akavuta kiti karibu na dirisha, akamsikiliza bila kumkatiza hata mara moja.